Mobile ya mvuke ya 1901: maliza kwanza habari ya maji, moto baadaye

Swali: Mimi ni Mtanzania, fundi wa magari katika karakana ya magari ya kale kusini mwa Uingereza. Tumeletewa gari dogo la mvuke la Kimarekani, aina ya Mobile, la mwaka 1901. Halijawashwa kwa miaka mingi, na mwenyewe anataka lishiriki msafara wa magari ya kale wa London hadi Brighton. Nimezoea injini za petroli na dizeli, boila sijawahi kuligusa. Je, linaweza kulipuka? Nianzie wapi kulikagua na kuliwasha? Na vipuri nitavipata wapi, maana kampuni yenyewe ilikufa zamani?

Jibu: Fundi, tuanze na boila, maana ndilo litakaloamua kama gari hili litatembea au litabaki la kutazamwa.

Boila la Mobile ni pipa la wima lililo chini ya kiti cha dereva. Upana wake ni inchi 14 (sm 35), na kimo chake kinakaribia hapo hapo. Ndani yake mna mirija ya shaba ipatayo 300, kila mmoja upana wa nusu inchi, inayotoka sahani ya chini hadi sahani ya juu. Bana ya petroli, yaani kichomeo, iko chini kabisa. Moshi wa moto hupanda ndani ya mirija, na maji huizunguka kwa nje. Ganda la shaba pekee lisingehimili presha, kwa hiyo limezungushiwa waya mwembamba wa chuma kigumu, ule wa nyuzi za piano, tabaka juu ya tabaka. Waya huo ndio unaobeba mzigo. Kwa ujenzi huu walipata boila jepesi lenye eneo kubwa la kupashia maji, zaidi ya futi 40 za mraba ndani ya kitu unachoweza kukikumbatia.

Kuhusu kulipuka: boila za aina hii kwa kawaida huvuja kabla ya kupasuka. Maji yakipungua mno, ncha za chini za mirija zinaungua kwa kuwa ziko karibu na moto, zinalegea kwenye sahani, na maji na mvuke vinamwagikia bana na kuuzima moto. Boila limeharibika, lakini dereva anashuka mzima. Usilale juu ya habari hiyo njema, hata hivyo. Boila lililokaa miaka mingi lenye unyevu chini ya kifuniko chake linaweza kuwa limeliwa waya zake za chuma huku shaba ikionekana safi kabisa. Waya zikishakatika, ganda limebaki peke yake, na hapo kupasuka kunawezekana kweli.

Kabla hujabandua kifuniko hicho, simama. Magari ya wakati huo yalivikwa asbesto kuzunguka boila na mabomba ya mvuke. Usiichane, usiipulizie hewa ya kompresa, usiifagie. Mwenye gari aite kampuni yenye leseni ya kuondoa asbesto. Ukilifunika boila upya, tumia pamba ya madini au mkanda wa nyuzi za kioo.

Waya zikiwa wazi, angalia kutu hasa sehemu ya chini, pale ganda linapokutana na sahani, na kuzunguka kila koki. Kisha mulika mirija kutoka juu. Kwa kila mrija, mwanga uonekane upande wa pili. Ulioziba kwa masizi safisha kwa brashi ya waya laini. Chini, tafuta michirizi ya kijani au nyeupe kwenye viungo vya mirija, maana hiyo ni alama ya uvujaji wa zamani. Mirija michache iliyolegea hutanuliwa upya kwa kifaa cha kutanulia, kwa mkono mwepesi, kwa sababu ukizidisha unapanua tundu la sahani na majirani zake wanaanza kuvuja nao. Ukikuta inavuja kwa makumi, acha. Hilo boila limekwisha.

Likifaulu kwa macho, linajaribiwa kwa presha ya maji baridi. Jaza maji hadi hewa yote itoke, kwa sababu hewa iliyobanwa ndiyo inayorusha vyuma, maji peke yake hayarushi. Pandisha polepole kwa pampu ya mkono hadi mara moja na nusu ya presha ya kazi. Magari haya yalifanya kazi kwenye pauni 150 hadi 160 kwa inchi ya mraba (takriban bar 11), kwa hiyo jaribio linafika pauni 240 hivi. Shikilia, tazama geji kama inashuka, papasa viungo vyote kwa karatasi kavu. Jaribio hili lisimamiwe na mkaguzi wa boila anayetambulika, aandike cheti na aweke yeye mwenyewe kikomo cha valvu ya usalama. Akisema ishuke hadi pauni 130, ishuke; gari litatembea tu, ila mlima litaupanda kwa upole zaidi.

Ushauri wetu ulio wazi: boila la asili likishindwa, lisilazimishwe. Boila kwenye gari la mvuke ni kipuri cha kuchakaa, na hata wenye magari haya enzi hizo walibadilisha. Agiza jipya lenye vipimo vile vile kwa watengenezaji wa boila za magari ya kale, na lile la zamani lihifadhiwe kavu pamoja na gari, kwa sababu ni ushahidi wa historia yake.

Sasa maji, na hapa ndipo fundi aliyelelewa na petroli anapopotea.

Piga hesabu nami. Ukitoa nafasi iliyochukuliwa na mirija, boila hili linabeba lita 20 hivi likijaa hadi juu. Linaendeshwa likiwa na maji theluthi mbili, yaani lita 13, na sehemu ya juu ni ya mvuke. Gari linakula lita 2 hadi 3 kwa kila kilomita, kwa sababu mvuke ukishasukuma pistoni unatupwa nje. Hakuna kifaa cha kuurudisha uwe maji. Maana yake ni kwamba pampu ikiacha kufanya kazi bila wewe kujua, lita nne ambazo ungeweza kuzipoteza kwa usalama zinaisha kabla ya kilomita mbili. Dakika tano tu za kuongea na abiria, na mirija imeungua.

Pampu ya maji inaendeshwa na injini yenyewe, imeungwa kwenye kichwa cha fimbo ya pistoni. Gari likitembea, inapiga. Kuna valvu ya kurudisha karibu na dereva: ukiifunga, maji yanaingia kwenye boila, ukiifungua, yanarudi kwenye tanki. Dereva anaichezea safari nzima, huku akitazama kioo cha kupimia maji kilicho ubavuni mwa gari. Kwa kuwa kioo hicho kinatazama nje, wamefunga kijioo kidogo cha kujitazamia mbele yake ili dereva akione bila kuinama. Hakikisha hicho kijioo kipo na hakijapindishwa. Gari likiwa linatikisika barabarani, mstari wa maji unapanda na kushuka. Utakachosoma ni wastani wake. Na ukipanda mlima maji yanalala upande mmoja, kwa hiyo kioo kinakudanganya kidogo. Ongeza maji kabla ya mlima, usingoje katikati yake.

Kioo kinadanganya vibaya zaidi kikiziba. Tundu la chini likijaa tope, kioo kitaonyesha maji yale yale hata boila likikauka. Kwa hiyo kila mara kabla ya kuondoka, na kila mnaposimama, fungua koki ya chini ya kioo: maji yatoke kwa nguvu, yafuatwe na mvuke, na ukifunga yarudi haraka hadi mstari wake. Yakirudi kwa uvivu, usiendelee na safari, zibua kwanza. Koki za kujaribia, kama zipo kwenye boila lako, ni shahidi wa pili: ya chini itoe maji, ya juu itoe mvuke.

Pampu yenyewe ina valvu mbili ndogo za gololi. Kijipande cha kutu kutoka kwenye tanki kinatosha kuizuia gololi isikae, na pampu inapiga bure. Safisha tanki lote, weka chujio laini kwenye mdomo wa bomba la kunyonya, saga vikalio vya gololi, badilisha pakini (vifungashio vya kuzuia uvujaji) za fimbo ya pampu. Pampu ya mkono iliyo akiba lazima ifanye kazi. Ijaribu boila likiwa na presha, kwa sababu kusukuma maji dhidi ya pauni 150 ni jambo tofauti kabisa na kuyasukuma kwenye boila lililopoa. Tanki kwa mwendo wa kawaida linakufikisha kilomita 30 hivi. London hadi Brighton ni kama kilomita 96, basi panga vituo vitatu au vinne vya kujaza, maji yasiyo na chokaa nyingi. Kusini mwa Uingereza maji ya bomba mengi ni magumu, na ukoko wa chokaa kwenye mirija hii myembamba unazuia joto kupita hadi shaba inaungua huku kioo kikionyesha maji ya kutosha. Maji ya mvua yaliyochujwa yanafaa zaidi.

Moto. Petroli inakaa kwenye tanki lililopewa hewa kwa pampu ya mkono, presha ya pauni 40 hadi 50. Inapita kwenye bomba lenye moto, inageuka mvuke wa petroli, ndipo inapofika kwenye chuchu ya bana na kuchanganyika na hewa. Tatizo la kuanza ni kwamba bomba hilo halijapata joto. Kwenye magari ya mwanzo kabisa walichoma kipande cha chuma kwenye jiko la nyumbani, wakakiunga mahali pake kikiwa chekundu, petroli ikapita ndani yake na kuvukizwa. Siku hizi wengi wanatumia tochi ya gesi kulipasha bomba. Hiyo ni njia safi zaidi, nasi tunaipendelea.

Petroli ya kituo cha mafuta usiitumie. Ina ethanoli na viungo vingine vinavyoacha ulimbo ndani ya bomba la kuvukizia, na baada ya safari chache chuchu inaziba. Tumia petroli nyeupe ya majiko ya kambi (si mafuta ya taa), isiyo na viungo, na badala ya kuchokonoa chuchu kwa waya wowote, tafuta sindano yenye kipimo chake. Tundu likitanuka hata kidogo, mchanganyiko unaharibika na moto unakuwa wa njano wenye masizi.

Kabla ya kiberiti chochote, weka presha kwenye tanki la petroli na upake maji ya sabuni kila kiungo. Povu likitokea, hakuna kuwasha. Kisha:

1. Maji yawe theluthi mbili kwenye kioo, na kioo umekizibua kama tulivyoeleza.
2. Toa gari nje ya karakana, mgongo wake uelekee upepo unakotoka, kizima moto kikubwa kiwe mkononi mwa mtu wa pili.
3. Pasha bomba la kuvukizia hadi tone la maji likiliangukia lichemke mara moja.
4. Fungua petroli robo mzunguko tu, washa bana kwa fimbo ndefu. Moto mzuri ni wa bluu, mfupi, unaonguruma sawasawa.
5. Petroli ya maji maji ikidondoka chini, funga mara moja. Bomba halijapata joto la kutosha. Subiri hewa iondoe mvuke wote, futa, anza tena.

Kosa linaloogopesha wageni ni moto kurudi nyuma: bana inalia kama filimbi na moto unaunguza ndani ya bomba la kuchanganyia badala ya juu ya bana. Sababu ni presha ya petroli kushuka, chuchu kuziba nusu, au upepo kuingia chini ya gari. Funga petroli kabisa, hesabu hadi sitini, ondoa sababu, ndipo uwashe upya. Usijaribu kuuongezea petroli ili urudi mahali pake.

Presha ikipanda hadi kiwango ulichoweka, valvu ya diaframu (utando mwembamba) inasukumwa na mvuke na kupunguza petroli yenyewe. Diaframu kuukuu hupasuka au hukakamaa. Weka mpya tangu mwanzo. Na valvu ya usalama uione ikifunguka kwa macho yako kabla gari halijatoka uani. Hilo halina mjadala.

Injini ndiyo sehemu utakayoipenda. Silinda mbili zenye kipenyo cha inchi 2.5, mvuke unasukuma pistoni kwenda na kurudi, kwa hiyo hakuna klachi wala giaboksi. Mkono mmoja wa mvuke, mmoja wa kurudi nyuma. Hatari yake ni maji ndani ya silinda baridi. Mvuke wa kwanza unageuka maji, na maji hayabanwi: pistoni ikiyakuta inapinda fimbo au inapasua kifuniko. Fungua koki za silinda, sogeza gari mbele hatua moja, nyuma hatua moja, polepole, hadi koki zitoe mvuke mkavu. Kwa silinda tumia oili maalum ya injini za mvuke, nzito, yenye mafuta ya mnyama ndani yake. Oili ya gari la kisasa inaoshwa na mvuke ndani ya dakika. Viungo vya nje, eksentriki (visahani vinavyoendesha valvu za injini) na beringi za kranki vipe oili ya kawaida kwa mkono kila kituo. Injini iko wazi, vumbi lote la barabara linaifikia.

Cheni inatoka injini hadi difrensho ya ekseli ya nyuma. Kuna fimbo yenye nyuzi inayoshikilia umbali kati ya injini na ekseli. Irekebishe cheni ilegee kama nusu inchi katikati. Ikikazwa zaidi inakula beringi za kranki. Breki ni mkanda mmoja kwenye difrensho, hivyo ekseli yenyewe ipimwe nyufa kwa rangi maalum inayopenya ndani ya ufa na kuuonyesha, kabla ya safari. Magurudumu ya spoku ni kazi ya fundi baiskeli mzuri.

Sasa vipuri. Gari lako lina pacha, na huyo pacha ndiye mkombozi wako. Ndugu wawili wa Massachusetts, Francis na Freelan Stanley, ndio waliobuni gari hili. Mwaka 1899 waliuza haki na karakana yao kwa dola 250,000 kwa John Brisben Walker, mmiliki wa jarida la Cosmopolitan, aliyeingia ubia na tajiri wa lami, Amzi Barber. Hawakupatana hata mwaka mmoja. Barber akabaki na karakana na jina Locomobile; Walker akajenga kiwanda chake karibu na Tarrytown, kando ya mto Hudson, kwa michoro ya mbunifu majengo Stanford White, akaanza kutoa gari lile lile kwa jina la Mobile. Ndiyo maana Locomobile za mvuke za 1899 hadi 1903, zilizotoka kwa maelfu, zina pampu, valvu, bana na injini zinazokaribiana sana na zako. Watu wanaotengeneza upya sehemu za Locomobile wapo Uingereza na Marekani. Chukua vipimo vyako kabla ya kuagiza, hasa nyuzi za skrubu na nafasi ya matundu, kwa sababu viwanda viwili vilianza kutofautiana kadiri muda ulivyopita.

Mobile ilifunga mwaka 1903. Ukishaliendesha gari hili siku moja utaelewa sababu bila kusimuliwa: mnunuzi wa kawaida alitakiwa awe dereva na mchochea boila kwa wakati mmoja, asimamishe gari kila kilomita 30 kutafuta maji, huku magari mepesi ya petroli kama Oldsmobile yakiuzwa kwa bei inayokaribiana na hayataki kutazamwa hivyo. Locomobile nao waliacha mvuke wakahamia petroli. Ndugu wa Stanley peke yao walirudi kwenye mvuke, wakalirekebisha gari lao na kudumu nalo miaka mingi. Kiwanda cha Walker kiliishia kutengeneza magari ya Maxwell, baadaye Chevrolet, na kilitoa magari hadi 1996.

Msafara wa Brighton hufanyika Jumapili ya kwanza ya Novemba, na gari la 1901 linakubalika, kwa kuwa sharti ni liwe limetengenezwa kabla ya Januari 1905. Cheti cha boila kitaulizwa na watu wa bima mapema, kwa hiyo mkaguzi umwite miezi kadhaa kabla. Na usiende bila mazoezi: kilomita tano, kisha kumi na tano, kisha thelathini, abiria wako akiwa na kazi moja tu, kutazama kioo cha maji.

Mkirudi, zima bana, acha presha ishuke chini ya pauni 100, fungua valvu ya chini kidogo kidogo ili tope la boila litoke, na usijaze maji baridi hadi vyuma vipoe. Novemba ya Uingereza ina barafu. Usiku wa kwanza wenye baridi kali, maji yaliyosahaulika ndani ya pampu yanaipasua. Toa maji kwenye boila, tanki, pampu zote mbili, bomba la valvu ya kurudisha na kioo, kisha acha koki zote wazi hadi siku ya kuwasha tena.